Kiwango cha ukosefu wa ajira kimeshuka mkoani: je, ajira zimepatikana au watu wamepungua?

Mwanzisha uzi

Wanajukwaa, salaam.

Nimesoma tena, kama mara kumi mwaka huu, makala inayotangaza kiwango cha ukosefu wa ajira cha taifa zima na kuishia hapo. Hesabu yenyewe huwa haina kosa, lakini ni hesabu ya mtu asiyeishi mahali popote. Mwaka 2019 Italia ilikuwa na ukosefu wa ajira wa takriban asilimia 10. Ukishuka hadi Calabria, kwenye ncha ya kusini, kiwango kilikuwa kama asilimia 21. Ukipanda hadi jimbo la Bolzano linalopakana na Austria, kilikuwa karibu asilimia 3. Nchini Hispania, mwaka 2013, mdororo ulipokuwa umekolea, zaidi ya theluthi moja ya nguvukazi ya Andalusia haikuwa na kazi, ilhali katika Nchi ya Basque kiwango hakikufikia nusu ya hicho. Serikali ni moja, sarafu ni moja, na sheria kuu za kazi ni zilezile.

Hilo la wastani wengi wetu tunalijua, kwa hiyo silo lililonileta. Ninaloleta ni kwamba hata takwimu ya mkoa mmoja mmoja hudanganya, na hudanganya zaidi palepale ambapo hali ni mbaya zaidi.

Niliwahi kuajiriwa kwa muda kama mdadisi katika utafiti wa nguvukazi, nikizunguka kaya baada ya kaya na dodoso mkononi. Dodoso halimuulizi mtu kama ana kazi au hana, kwa sababu kila mmoja angejibu kwa maana yake mwenyewe. Linamuuliza kwanza kama katika siku saba zilizopita alifanya kazi yoyote ya malipo au faida, walau kwa saa moja. Akijibu ndiyo, ana ajira, na habari yake imekwisha. Akijibu hapana, anaulizwa kama katika wiki nne zilizopita alifanya jambo lolote la kutafuta kazi, kisha kama yuko tayari kuanza iwapo itapatikana. Ni yule tu anayevuka maswali hayo yote ndiye anayeandikwa kuwa hana ajira, na hicho ndicho kipimo cha Shirika la Kazi Duniani ambacho nchi nyingi hukifuata.

Kuna kaya moja ambayo haijanitoka akilini. Walikuwemo ndugu watatu. Mdogo alikuwa amepeleka barua za maombi sehemu tatu mwezi huo, nikamwandika kuwa hana ajira. Mkubwa alinitazama kidogo, akasema, "Mimi nilishaacha kutafuta. Kiwanda kilichokuwa kinaajiri hapa kimefungwa, nikatafute wapi?" Nikaweka alama kwenye kisanduku cha walio nje ya nguvukazi, pamoja na wanafunzi na wazee waliostaafu. Dada yao alikuwa amemshikia jirani duka kwa saa mbili siku ya Jumamosi na kupewa chochote kidogo, naye nikamwandika kuwa ameajiriwa. Katika nyumba ile ya watu watatu wasio na riziki ya uhakika, takwimu ilimwona mmoja.

Sasa ichukue nyumba ile uizidishe kwa mkoa mzima. Kiwango cha ukosefu wa ajira hupatikana kwa kugawanya wasio na ajira kwa jumla ya walio nayo na wanaoitafuta. Kwa hiyo kinaweza kushuka kwa njia tatu: watu wapate kazi, watu wahame, au watu wachoke kutafuta. Ya kwanza ndiyo hutangazwa, hata pale ambapo zilizotokea ni hizo mbili nyingine.

Mfano unaonishawishi kuliko yote ni wa maeneo ya makaa ya mawe nchini Uingereza. Baada ya mgomo mkubwa wa wachimbaji wa 1984 na 1985, migodi ilifungwa mfululizo, na ajira kwa makumi ya maelfu zikapotea katika mabonde ya kusini mwa Wales, Yorkshire na kaskazini-mashariki. Mtu angetarajia idadi ya waliojiandikisha kuwa hawana kazi ipae juu na ikae huko kwa muda wote huo, lakini haikwenda hivyo. Watafiti Christina Beatty na Steve Fothergill walipofuatilia wachimbaji hao walikwenda wapi, waligundua kwamba kundi kubwa lilikuwa limehamia kwenye mafao ya ugonjwa na ya kutoweza kufanya kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, zaidi ya watu milioni 2 na nusu nchini Uingereza walikuwa wakilipwa mafao ya namna hiyo, na ramani yao ilifanana mno na ramani ya migodi na viwanda vilivyokufa. Wengi wao hawakuwa wakidanganya. Mtu aliyevuta vumbi la makaa kwa miaka 25 ana kifua kibovu kweli, ila kifua hichohicho, mgodi ulipokuwa wazi, kilikuwa kinakwenda kazini. Ugonjwa ulikuwa wa mtu, lakini kumtoa mtu huyo kwenye soko la ajira lilikuwa jambo la mahali.

Ndiyo maana, nikitaka kujua hali ya mkoa, huanza na uwiano wa walioajiriwa kwa watu wote wenye umri wa kufanya kazi, kisha nauliza watu hao wenyewe wameongezeka au wamepungua. Karibuni tujadiliane.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mwanzisha uzi, nakushukuru kwa mada. Nina pingamizi moja la heshima. Umelitaja suala la watu kuhama kana kwamba ni udanganyifu wa takwimu, ilhali kwa mtazamo wangu hilo ndilo suluhisho lenyewe. Kazi ikiisha mahali fulani na ikapatikana kwingine ndani ya nchi ileile, ambako hakuna viza wala mpaka, mtu afungashe aifuate. Marekani imejengwa hivyo. Kwa nini serikali itumie fedha za walipa kodi kupeleka kazi kwa watu, badala ya kuwaacha watu waende kwenye kazi?

Mwanzisha uzi

Mkuu, pingamizi lako lina uzito, na lina utafiti nyuma yake. Mwaka 1992 Olivier Blanchard na Lawrence Katz walichunguza majimbo ya Marekani na kuona kwamba jimbo likipigwa na msukosuko, kiwango chake cha ukosefu wa ajira hurudi karibu na wastani wa nchi ndani ya miaka kama sita hivi. Watu waliowasoma juu juu walifurahi. Lakini waandishi hao walionyesha pia kilichokirudisha: si kwamba kazi zilirudi, bali watu waliondoka. Idadi ya ajira katika jimbo hilo haikurejea kwenye njia yake ya zamani. Miaka mitatu baadaye, Jörg Decressin na Antonio Fatás walirudia uchunguzi wa aina hiyo kwa mikoa ya Ulaya, wakakuta kwamba huko, katika miaka ya mwanzo, watu hawahami sana bali hutoka kwenye nguvukazi. Kwa maneno mengine, Mmarekani wa wakati ule alihama na Mwitalia au Mhispania alikaa nyumbani akaacha kutafuta, na katika hali zote mbili kiwango kilishuka.

Hata huko Marekani, kuhama kwa watu kutoka jimbo hadi jimbo kumepungua hadi kama nusu ya ilivyokuwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wachumi David Autor, David Dorn na Gordon Hanson, walipofuatilia maeneo ya viwanda yaliyoumizwa na bidhaa kutoka China baada ya mwaka 2000, walikuta kwamba watu wengi hawakuondoka kama nadharia ilivyotabiri, na kwamba ajira zilikuwa bado hazijarudi muongo mmoja baadaye.

Kwa nini hawaondoki? Tazama nyumba. Tarehe 19 Septemba 1977, kampuni ya Youngstown Sheet and Tube, katika jimbo la Ohio, ilitangaza kufunga sehemu kubwa ya kiwanda chake cha chuma cha Campbell, na watu wapatao 5,000 wakapoteza kazi. Mfua chuma wa umri wa miaka 45 aliyekuwa karibu kumaliza mkopo wa nyumba yake alikuwa na mali moja tu ya maana, nayo ni hiyo nyumba. Siku kiwanda kilipofungwa, majirani wote walikuwa na sababu moja ya kuuza na hakuna aliyekuwa na sababu ya kununua. Akiiuza, fedha atakayopata haitoshi hata malipo ya awali ya nyumba katika mji wenye kazi. Akikaa, walau ana paa. Edward Glaeser na Joseph Gyourko waliliandika jambo hili vizuri mwaka 2005: mji hukua haraka kwa sababu nyumba hujengwa haraka, lakini hufa polepole kwa sababu nyumba haziozi, na bei zake zinapoanguka chini ya gharama ya kuzijenga, huwashikilia wenye kipato kidogo na hata kuwavuta wengine wa aina hiyo. Youngstown, iliyokuwa na watu wapatao 166,000 mwaka 1960, ilibaki na takriban 60,000 mwaka 2020, na waliobaki si sampuli ya waliokuwepo.

Hilo la mwisho ndilo ninalolisisitiza kwako, mkuu. Anayehama kwanza ni kijana, mwenye elimu, asiye na mzazi wa kumtunza. Akiondoka, anaondoka na mshahara ambao ungemlipa fundi cherehani, mwalimu wa watoto na mwenye mgahawa. Enrico Moretti alikadiria kwamba kila ajira mpya ya kiwandani katika miji ya Marekani huzaa takriban ajira 1.6 za huduma katika mji uleule, na hesabu hiyo unaweza kuisoma kinyumenyume. Kuhama humsaidia aliyehama. Mahali alipotoka panaweza kuzidi kudhoofika.

Mchangiaji wa pili

Naomba kuongeza upande ambao haujaguswa, yaani mishahara. Tofauti za ajira kati ya mikoa hazitokani na jiografia peke yake. Nchini Italia, hadi mwishoni mwa miaka ya 1960, mishahara iliyokubaliwa kati ya waajiri na vyama vya wafanyakazi ilitofautiana kwa kanda. Mfumo huo uliondolewa mwaka 1969, kwa hoja nzuri ya haki: kazi sawa, malipo sawa. Lakini tija ya kiwanda cha kusini haikuwa sawa na ya kiwanda cha Milano, kwa sababu barabara, umeme, mahakama na wasambazaji wa vipuri havikuwa sawa. Tito Boeri, Andrea Ichino, Moretti huyohuyo uliyemtaja na Johanna Posch wamelinganisha Italia na Ujerumani na kuona kwamba mshahara wa Italia haufuati tija ya mahali kama unavyoifuata nchini Ujerumani. Jambo la kuchekesha, kama linachekesha, ni kwamba kwa kuwa pango na bei ziko chini kusini, mwenye ajira rasmi huko anaishi vizuri kuliko mwenzake wa kaskazini mwenye mshahara uleule, wakati jirani yake hana ajira kabisa. Usawa wa malipo umegeuka foleni.

Hata hivyo Ujerumani nayo ilipitia humohumo. Tarehe 1 Julai 1990, miezi mitatu kabla ya kuungana, mishahara ya mashariki ilibadilishwa kuwa marki ya magharibi kwa kiwango cha marki moja kwa marki moja, kisha makubaliano ya mishahara yakaipandisha kuelekea ile ya magharibi kwa kasi ambayo viwanda havikuweza kuifuata. Viwanda vikaanguka. Mwaka 2005 ukosefu wa ajira mashariki ulikuwa karibu asilimia 19, na magharibi karibu asilimia 10. Kufikia 2019 mashariki ilikuwa imeshuka hadi asilimia 6.4 na magharibi 4.7. Mwanzisha uzi atasema watu walihama, na ni kweli: vijana, hasa wanawake, waliondoka kwa wingi, na watoto waliozaliwa miaka ya tisini wakawa wachache mno. Lakini pia waajiri wengi wa mashariki walijitoa kwenye makubaliano ya mishahara ya kisekta, na kazi zikaongezeka. Kwa hiyo nisingependa tuseme kwamba kila mteremko wa takwimu ni kiini macho.

Mwanzisha uzi

Nakubali, na ninaondoa maneno yangu kama yalisikika hivyo. Mashariki mwa Ujerumani kulitokea yote matatu kwa pamoja, ndiyo maana kutenganisha fungu la kila moja ni kazi ngumu.

Niongeze tu kwamba mazungumzo ya mashariki na magharibi yameficha pengo lingine. Gelsenkirchen, mji wa makaa na chuma katika bonde la Ruhr, uko magharibi kabisa, na mwaka 2019 ulikuwa na ukosefu wa ajira uliozidi asilimia 12, zaidi ya maradufu ya Saxony au Thuringia zilizoko mashariki. Mwaka huohuo, wilaya ya Eichstätt huko Bavaria ilikuwa chini ya asilimia 2.

Mchangiaji wa tatu

Ndugu zangu, nawasoma kwa makini, lakini mifano yenu yote ni ya nchi zilizokuwa na viwanda zikavipoteza. Katika nchi ambazo watu wengi bado wanategemea kilimo, picha mara nyingi hugeuka: mikoa maskini ndiyo huonekana kuwa na ukosefu mdogo wa ajira, na mji mkuu wenye utajiri ndio huongoza kwa wasio na kazi. Asiye na akiba hana uwezo wa kukaa bila kazi. Atalima, atachoma mkaa, atabeba mizigo, na saa moja ya wiki inatosha kumtoa kwenye orodha.

John Harris na Michael Todaro walilieleza hili mwaka 1970. Mtu wa shamba haangalii tu mshahara wa mjini bali huuzidisha na bahati yake ya kuupata, na kama mshahara huo ni mkubwa vya kutosha, ataingia mjini hata akijua kuna foleni. Kenya ilikwisha kuliona jambo hilo mwaka 1964, pale serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walipokubaliana: waajiri binafsi waongeze wafanyakazi kwa asilimia 10, serikali kwa asilimia 15, na vyama visidai nyongeza ya mishahara. Habari za nafasi hizo zikawavuta watafuta kazi wengi kuliko nafasi zenyewe, na tatizo lililokusudiwa kupunguzwa likabaki palepale.

Pia tafsiri yenyewe ya kazi imebadilika. Mkutano wa wanatakwimu wa kazi uliofanyika Geneva mwaka 2013 uliamua kwamba anayelima kwa ajili ya chakula cha kaya yake, bila kuuza, anafanya kazi lakini hahesabiwi kuwa ameajiriwa. Nchi inapohamia kwenye tafsiri hiyo, mikoa ya vijijini hubadilika kwenye jedwali bila mtu hata mmoja kuweka jembe chini.

Kuhusu hoja yako ya waliokata tamaa, mwanzisha uzi, ulipaswa kuanza na Afrika Kusini. Huko hutangazwa viwango viwili kila robo mwaka, cha tafsiri finyu na cha tafsiri pana inayowajumuisha wanaotaka kazi lakini hawaitafuti. Mwaka 2018, kwa tafsiri finyu, Limpopo ilikuwa na takriban asilimia 20, chini ya wastani wa taifa uliokuwa karibu asilimia 27, na mtu angedhani kuwa ni mkoa wenye neema. Kwa tafsiri pana, Limpopo hiyohiyo ilizidi asilimia 35. Wakazi wengi wa mkoa huo waliishi katika maeneo waliyotengewa Waafrika wakati wa ubaguzi wa rangi, mbali na migodi na viwanda kwa makusudi, na nauli ya kwenda kutafuta kazi peke yake inatosha kumfanya mtu abaki nyumbani.

Mwanzisha uzi

Mkuu, mfano wa Limpopo umenizidi nguvu. Ni yule kaka mkubwa wa kwenye dodoso langu, akiwa mkoa mzima.

Mchangiaji wa kwanza aliuliza kuhusu fedha za walipa kodi, na sikumjibu. Italia ilianzisha mfuko maalumu wa kusini, Cassa per il Mezzogiorno, mwaka 1950, ukafungwa mwaka 1984. Miaka ya mwanzo ilileta maji, barabara na kilimo bora, na pengo la kipato lilipungua. Baadaye fedha zikaenda kwenye viwanda vikubwa vya chuma na kemikali ambavyo havikuzaa viwanda vidogo pembeni yake, hadi Waitalia wenyewe wakaviita makanisa makuu ya jangwani. Kwa hiyo simtetei kila mtu anayepeleka ruzuku mkoani.

Kanada ilichukua njia nyingine, ambayo naiona ya uaminifu zaidi kwa sababu inakiri waziwazi kwamba mahali ni sehemu ya tatizo. Bima yake ya ajira huigawa nchi katika kanda, na masharti hutegemea kiwango cha ukosefu wa ajira cha kanda unayoishi: penye asilimia 6 au chini ya hapo, kwa kawaida mtu anahitaji kuwa amefanya kazi kwa saa 700 ili alipwe, panapozidi asilimia 13, saa 420 zinatosha, na wiki za malipo huwa nyingi zaidi. Katika Newfoundland, ambako tarehe 2 Julai 1992 serikali ilisimamisha uvuvi wa samaki wa baharini aitwaye cod aliyekuwa amevuliwa kwa karibu karne tano, na watu wapatao 30,000 wakabaki bila kazi, tofauti ya saa 280 ndiyo inayoamua kama familia ya mfanyakazi wa msimu itabaki kijijini majira ya baridi au itafunga mlango. Wakosoaji wanasema hilo huwafunga watu mahali pasipo na kesho. Watetezi wanasema kijiji chenye shule na zahanati hakifai kufungwa kwa sababu ya miaka mibaya. Wote wawili wana ushahidi, kwa sababu mkoa ule ulipoteza zaidi ya mtu mmoja katika kila kumi ndani ya miaka 15 na bado vijiji vingi vipo.

Kilichonivutia ni kwamba, chini ya utaratibu huo, kiwango cha kanda kikishuka kwa sababu tu watu wamehama au wamechoka kutafuta, sharti la saa nalo hupanda, na waliobaki hutakiwa kufanya kazi saa nyingi zaidi katika mahali palepale ambapo hapajaongezeka hata kazi moja.